Sijui kucheza hata kidogo, nikajitolee kwenye warsha za ngoma nifanye nini?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Malindi, miaka 23, amemaliza diploma ya utalii mwaka jana na saa hii yuko nyumbani. Ameandika hivi: "Bi Mwalimu, kuna feloshipu imenikubali nijitolee miezi mitatu. Wanafundisha vijana ngoma za kiasili hapa Malindi na Magarini halafu wiki ya mwisho wanaenda Lamu. Hawalipi, wanatoa nauli na chakula cha mchana. Mimi ni Mswahili, ngoma nyingi wanazofundisha ni za Kigiriama, na kucheza kwenyewe sijui. Mama anasema ni kazi ya bure na ngoma ni uhuni. Niende? Na nikienda nitakuwa nafanya nini?"

Nenda mwanangu. Ila soma mpaka chini kabla hujasaini hiyo fomu, manake kwenda si kazi, kazi ni kumaliza hiyo miezi mitatu bila kuharibu kitu cha watu.

Mwanzo tutengeneze hili jina. Ukisema feloshipu hapa Malindi mtu anafikiria maombi ya Jumatano jioni na viti vya plastiki, na sitashangaa kama mamako ndio amekwama hapo hapo, mtoto wangu wa Kiislamu anaenda feloshipu kutafuta nini? Mweleze ni mpango wa kulea vijana wenye fikra zao, wanachaguliwa wachache, wanapewa posho na watu wa kuwaelekeza kwa muda, na kila mmoja anafanya mradi mtaani. Mmoja wao mradi wake ndio hizo warsha. Huyo ndiye felo. Wewe si felo, wewe ni mtu wa kujitolea, yani yeye ana posho na jina lake liko kwenye ripoti, wewe una nauli na sahani ya wali. Sikwambii nikuvunje moyo, nakwambia ulijue siku ya kwanza usije mwezi wa pili ukaanza kununa na kuhesabu nani amepewa nini.

Sasa hilo la kutojua kucheza. Wallahi hilo ndilo limenifurahisha. Watu wa kujitolea wanaonipa tabu mimi ni wale wanaojua kucheza. Kijana anakuja, mwepesi, viungo laini, anasimama mbele, watoto wote macho kwake, na yule mzee aliyetoka bara huko na mkoba wake wa njuga tangu alfajiri anabaki ameketi kwenye benchi kama mgeni wa harusi asiyejulikana upande wake. Wiki ya tatu watoto wanacheza ngoma ya yule kijana, na yule kijana nusu yake ameitoa TikTok. Ukiuliza hii ni mwanzele, ile ngoma ya Kigiriama, wanakwambia ndio mwalimu, wewe unatazama mwanzele huioni.

Kwa hivyo mtu asiyejua ni mzuri, bora ajue kwamba hajui. Kazi yako nakuhadithia vile inavyokuwa. Warsha imeandikwa Jumamosi saa kumi. Wewe saa tisa uko uwanjani, unatembea ule uwanja wote kichwa chini unaokota vigae vya chupa na miba, manake wanacheza miguu mitupu, na unagusa mchanga kwa mkono uone kama umeshapoa ama bado unachoma. Halafu ngoma zenyewe. Ngoma ya ngozi hailii ovyo ovyo, hewa ya baharini inailegeza, na ukija msimu wa kusi mwezi wa tano wa sita mvua zikinyesha inalia bupu bupu kama unapiga godoro. Lazima ikanzwe motoni. Nimewahi kuona watoto arobaini na watu wazima saba wameketi dakika arobaini nzima kwa sababu hakuna aliyekuja na kiberiti, na kilipopatikana mwenye shule akasema moto hauwashwi kwenye kiwanja chake. Hakuna aliyemuuliza kabla. Basi wewe ndiwe mtu wa kiberiti na makuti makavu, na wewe ndiwe unayekwenda Alhamisi kumuuliza mwenye kiwanja. Utaona ni kazi ndogo. Ngoja ukose kuifanya.

Kisha kuna daftari la majina, na hili nataka ulifanye kwa moyo. Msichana akija wiki tatu akikosa ya nne, wewe ndio wa kuuliza, taratibu, kupitia mamake au nyanyake. Mara nyingi ni jambo dogo, hana leso ya kufunga, au ameambiwa akae na mdogo wake, mwambie aje naye. Mara nyingine si dogo. Njuga nazo zinachubua vifundo vya miguu, kata vipande vya kitambaa wafunge chini yake. Maji ya kunywa, na kivuli cha wazee kukaa. Hayo ndiyo, yote yanafanywa na mtu asiyejua hatua hata moja.

Jambo kubwa lakini ni hili la wenyewe. Ngoma ina wenyewe. Sio maneno ya kujipamba, ni hivyo hivyo kama shamba lilivyo na mwenyewe, kuna za furaha, kuna za harusi, kuna za kutibu, kuna za maiti, na mtu haamki tu akachukua. Nlijifunza hili kwa aibu. Nlikuwa na miaka ishirini na kitu, najitolea vivyo hivyo kama wewe na kikundi cha vijana, hoteli moja ya ufuoni ikatuita usiku wa wageni. Mimi ndio nlipanga nyimbo. Nikaweka kipande cha kifudu katikati, sababu yangu nini, mdundo wake ulinipendeza. Tunacheza, wazungu wanapiga makofi, mama mmoja wa jikoni hapo hapo hotelini akatoka na aproni yake akasimama mlangoni akatutazama, hakusema neno, akarudi ndani. Asubuhi babake akatuma mtu niitwe. Nikaenda. Mzee akanikaribisha vizuri, nikaletewa chai, na nlipomaliza akaniuliza swali moja tu: "Nani alikufa jana?"

Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.

Na hapo ndio utaelewa Mekatilili wa Menza. Watoto shuleni wanafundishwa kwamba 1913 alizunguka vijiji vya Wagiriama akicheza kifudu na watu wakamfuata, basi, kama vile alikuwa na sauti nzuri. Lakini kifudu ni ngoma ya matanga. Ukiisikia huwezi kukaa kwako ukaendelea kupepeta mchele, lazima uende uone kuna msiba gani. Akawakusanya hivyo, akawaambia msiba ni huu, kodi ya nyumba na vijana wetu kuchukuliwa kwenda kufanya kazi ya Waingereza. Mwaka huo huo wakamshika yeye na mwenzake Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa Kisii, wakatoroka wakarudi kwa miguu. Sasa ukiifanya kifudu kuwa ya kukaribisha wageni kila Ijumaa, hiyo historia yote imekuwa maji. Ukipata nafasi wahadithie watoto hivyo, kabla ya kucheza chochote, utaona vile wanavyonyamaza.

Kaya zenyewe, ile misitu mitakatifu ya Wamijikenda, Wagiriama wakiwemo, UNESCO ilizitia kwenye urithi wa dunia 2008, na mwaka uliofuata, 2009, ikaziandika zile mila za kaya kwenye orodha ya vitu vinavyohitaji kuokolewa haraka. Haraka, zingatia hilo neno. Wazee wanaojua wanakwisha. Kila Jumamosi mzee anapokaa kwenye benchi akitazama kijana wa TikTok ni Jumamosi imepotea.

Ndio maana nakupa kipimo changu, nakitumia kwa kila mradi ninaoitwa. Usiulize mwanzo wewe utapata nini. Uliza: wazee wanaofundisha wanalipwa ngapi na wanalipwa lini? Ukiambiwa "hao nao wanajitolea kama wewe", rudi nyumbani. Wewe una miaka 23, unapata barua, unapata watu, kesho unaenda kwenye kazi unasema nlifanya hivi. Yule hawe, yani nyanya kwa Kigiriama, wa miaka sabini barua ataipeleka wapi? Nimeona bajeti za warsha zina fulana, zina bango kubwa lenye picha, zina mpiga picha kutoka Mombasa analala hotelini, na mstari wa wazee haupo kabisa, ati watapewa soda. Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa, na watu wa Amu, yani Lamu, wanasema mteza, manake kwao ngoma haichezwi inatezwa, na kutuzwa hapo si kupigiwa makofi, ni pesa inabandikwa kwenye paji la uso mbele ya watu. Hilo ndilo desturi yetu tangu zamani, hatukuletewa na shirika. Na nauli ya mzee itoke siku ile ile mkononi, sio "tutakutumia kwa simu wiki ijayo" halafu anaomba mjukuu amwangalizie simu kila siku.

Na wewe yako pia, usione haya. Uliza nauli ni ngapi kwa siku, inalipwa kabla au baada, na siku ya Magarini je, manake tuktuk ya mjini na gari la kwenda bara kisha bodaboda si pesa moja. Uliza nani anagharamia Lamu. Uandikiwe, hata ukurasa mmoja. Siku ngapi kwa wiki pia iandikwe, mwisho wa siku wewe unatafuta kazi na ukiitwa mahojiano Jumanne lazima uende.

Haya, wiki ya Lamu. Mnapanda basi hapa, Garsen, Witu, mpaka Mokowe, mnavuka kwa boti, na mkifika watu wote wa timu yenu wataanza kupiga picha. Sawa, mji ni mzuri, umekuwa urithi wa dunia tangu 2001, wapige. Lakini kwenye ngoma simu irudi mfukoni mpaka uulize. Za wanaume ziko nje, kirumbizi inachezwa uwanjani Mkunguni mbele ya ngome, fimbo zinalia, zumari inalia, kila mtu anatazama. Goma la kanzu na bakora ukilitazama haraka utadhani hawafanyi kitu, wamesimama tu mstari wanayumba, usicheke, ukikaa nalo nusu saa utaona ni kama bahari. Vijana wetu wa Malindi waliozoea kutikisa mabega wanachoka nalo dakika tano, wakalishe waambie watazame mikono.

Za wanawake ni habari nyingine. Vugo, zile pembe za nyati zinazogongwa kwa vijiti harusini, lelemama, chakacha, hizo kina mama wanakuwa wenyewe kwa wenyewe, buibui limevuliwa, nywele ziko nje, mtu anacheza vile anavyojisikia manake anajua walioko ndani ni nani. Siku moja, sisemi mji gani, kijana wa kike wa kujitolea kwenye kikundi tulichokuwa nacho alirekodi vidio ya dakika moja, kwa nia njema kabisa, akaitia kwenye grupu ya WhatsApp ya timu. Kwenye grupu kulikuwa na wanaume. Magharibi haijaingia ile vidio imeshafika kwa mume wa mmoja wa wale kina mama. Warsha ilikufa hapo hapo. Mwaka wa pili tuliporudi hakuna nyumba iliyotufungulia mlango, na haki yao. Wewe ni mwanamke, Mswahili, utakaribishwa mahali ambapo felo wako kama ni mwanamume hatafika, na atakuomba umrekodie "kidogo tu kwa ajili ya ripoti". Jibu ni hapana. Andika kwa kalamu.

Kuna sheria pia, si adabu peke yake. Kenya ina sheria ya 2016 inayolinda maarifa ya jadi na sanaa za jamii, yani jamii ndio mwenye ngoma, na mtu wa nje akitaka kuitumia kwa biashara anatakiwa apate idhini yao na kuwe na makubaliano ya wao kufaidika. Na picha za watoto zinaingia kwenye sheria ya 2019 ya kulinda data, lazima mzazi akubali. Uliza hizo fomu ziko wapi na ziko kwa Kiswahili ama ni Kizungu tupu cha kurasa nne, manake nimeona nyanya wanaweka kidole gumba kwenye kitu hata aliyewapa hajakisoma.

Kuhusu watoto nitasema kwa ufupi lakini usilipite. Aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, hata kama ana kimo kukushinda. Feloshipu ikuombe cheti cha mwenendo mwema, isipokuomba jiulize mwenzako wa kando naye hakuombwa. Usikae na mtoto mmoja chumbani mlango umefungwa, usimwandikie mtoto usiku kwa simu yako, na mavazi ya ngoma wasichana wavalie mahali pana mlango na mama mmoja amesimama nje. Mtoto akikwambia jambo zito usiahidi kulificha. Namba ni 116, ni ya bure, na umwambie pia anayehusika na watoto kwenye mradi, na kama hakuna anayehusika basi swali lako la kwanza siku ya kwanza ndio hilo.

Mamako sasa. Usimbishie. Anaposema ngoma ni uhuni hasemi mwanzele, anasema disko matanga. Hapa Kilifi tumezika watoto wetu kimasomo kwa hizo disko za usiku kucha matangani, spika mpaka alfajiri, wasichana wanarudi na mimba, serikali imepiga marufuku mara ngapi na bado zinarudi kwa mlango wa nyuma. Mzazi akisikia "vijana, ngoma, jioni" kichwa chake kinaenda huko, na mimi ningeenda huko. Dawa yake ni ratiba. Jumamosi asubuhi watoto wa Kiislamu wako chuoni, yani madrasa, na Jumapili asubuhi wengine wako kanisani, kwa hivyo ni Jumamosi baada ya alasiri, na magharibi isiwakute uwanjani. Ngoma ya watoto haikeshi, na hapa naitumia kwa maana yake yenyewe, saa kumi na mbili kasoro kila mtoto ameshaanza kurudi kwao. Ramadhani mnapumzika, ama mnakaa mnatengeneza kayamba, kukata matete na kutia mbegu hakuvunji funga. Mwalike mama Jumamosi moja aje akae na wale mahawe kwenye kivuli. Wangu alikuja akiwa na uso hivi, akaishia kumsahihisha mpiga ngoma.

Na hilo la wewe Mswahili na ngoma za Kigiriama, nimeliacha mwisho manake nadhani ndilo limekutia hofu kweli. Hapa mjini tumekaa pamoja, tunauziana, tunaoana, halafu mtu anajifanya hajui jirani anazikana vipi. Wengine nyumbani bado wanawaita wale watu wa bara kwa midomo iliyopinda, wewe unajua. Usiende kama mtu wa mjini aliyekuja kuhifadhi utamaduni wa wengine, hilo wanalinusa mbali. Nenda kama mtoto wa jirani. Ukimkuta mama mzima mwite hawe, mzee mwite tsawe kama wanavyomwita wajukuu zake, mbebee mkoba, muulize hii hatua ulifundishwa na nani. Usiulize maana ya ngoma siku ya kwanza, hilo ni swali la wanahabari. Wiki ya tatu atakwambia mwenyewe bila kuulizwa, na itakuwa tofauti na ile iliyoandikwa kwenye bango.

Jumamosi hiyo ya kwanza beba leso moja ya ziada. Usiombe kuingia kwenye duara, simama kando na daftari lako. Lakini hawe akija akakushika mkono akakuvuta, usimwambie sijui kucheza, hiyo wao wanaichukulia kama umemkatalia chakula. Mpe mtu simu akushikie, vua viatu, funga leso kiunoni uingie, wakucheke kidogo.